Figa la Tatu

Jiwe lilikuwa na masizi upande mmoja. Hicho ndicho kitu cha kwanza Mama Mlimani alichokiona, kabla hata hajauona mguu wa mwanawe, na baadaye alijichukia kwa hilo. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umeifunika barabara. Majirani walikuwa wamemzunguka kijana, pikipiki imelala mtaroni na gurudumu la mbele limepinda, na katikati ya lami, pale ambapo mpanda pikipiki yeyote angepita, limekaa jiwe la mviringo, jeusi upande mmoja na la kijivu upande wa pili. Alilijua. Jana yake alikuwa amelipikia maharage.

"Mama, nilikuwa naenda polepole," kijana alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Haki ya Mungu, nilikuwa naenda polepole."

"Najua, baba. Nyamaza."

Mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Wanaume wawili wakampakia kwenye gari la maziwa lililokuwa likiteremka kwenda mjini, wakamlaza katikati ya madebe. Mama Mlimani alikwisha kutia mguu ndani, akashuka tena. Akalikumbatia lile jiwe kwa mikono miwili, akaliingiza garini pembeni ya mwanawe.

"Na hilo la nini tena, mama?" dereva wa maziwa akauliza.

"Twende," akasema.

Njia nzima alimshika mwanawe mkono na huku jiwe likimgusa mguuni kila kona. Jana jioni lori la Kapteni, dereva wa siku nyingi wa barabara ile, lilikuwa limezima katikati ya mlima, chini kidogo ya kibanda chake cha chakula. Kapteni alipanda akihema, kofia mkononi, jasho likimtiririka. Akamwomba, "Shemeji, hebu niazime jiwe. Kabari yangu imepasuka, gari limeshikwa na gia peke yake, na breki ya mkono ya hili dude ni jina tu." Mawe yote ya karibu yalishaokotwa na madereva wengine. Basi akaitua sufuria, akalichomoa figa moja kwa kitambaa kwa sababu lilikuwa la moto, akampa. "Usinisahaulie," akamwambia. "Mimi?" Kapteni akasema. "Shemeji, unanijua au unanisikia tu?"

Wakacheka wote wawili. Mlima mzima ulikuwa unajua hadithi ya Kapteni na utingo wake wa zamani, aliyeacha jiwe la kabari barabarani, Kapteni akamrudisha kwa miguu akaliondoe. Aliisimulia kila alipokula kibandani, na kila akiisimulia safari ya yule utingo ilikuwa inarefuka. Sasa alikuwa amefikia kumtembeza mpaka wilaya jirani.

Kisha Mama Mlimani alikuwa nyuma ya kibanda akiosha vyombo aliposikia lori likiwaka, likanguruma, likapita juu na honi yake ndefu. Jiwe halikurudi. Akaegemeza sufuria kwenye tofali, maharage yakaiva vilevile, na hakuuliza jiwe liko wapi. Yeye, mke wa dereva, mama wa mpanda pikipiki, hakuuliza.

*

Hospitalini walimweka kijana kwenye kitanda cha karibu na mlango, na jiwe likakaa chini ya kitanda. Nesi akaligonga kwa kidole cha mguu.

"Nani kaleta jiwe wodini? Jamani, watu wengine! Hapa ni hospitali au machimbo?"

Wagonjwa waliokuwa na nguvu za kucheka wakacheka. Mama Mlimani akapiga magoti, akalisogeza ukutani, akaomba radhi. Aliomba radhi mara nyingi siku ile. Aliomba radhi kwa kukalia kiti cha daktari, kwa matope ya miguuni, na kwa kuuliza swali moja mara mbili.

Daktari alikuwa mtu wa haraka lakini hakuwa mbaya. "Mguu umevunjika sehemu mbili, mama. Unahitaji vyuma, na upesi, la sivyo utaunga vibaya. Kama kuna gari linalohusika, bima yake italipa. Kama hakuna, ni nyinyi. Mnazo?"

Daktari alikuwa ameshaona viatu vyake.

Askari wa barabarani akaja mchana. Kabla ya salamu aliinama akamnusa kijana mdomo.

"Amekunywa?"

"Hanywi," mama akasema.

"Wote hawanywi." Akafungua karatasi zake. "Ameanguka mwenyewe. Mwendo kasi, ukungu."

"Amegonga jiwe. Hili hapa." Akalivuta kutoka chini ya kitanda. "Ni la jikoni kwangu. Nilimwazima dereva wa lori jana, akaliacha barabarani."

Askari alilitazama jiwe, akamtazama yeye, akatabasamu kama anayeongea na mtoto. "Mama yangu, jiwe halina namba ya usajili."

"Gari lake linayo. Nitakutajia."

"Ulimwona akiliacha?"

"Nilikuwa nyuma ya kibanda. Nilisikia."

"Kusikia si kuona. Nani aliona kwa macho yake lori likiondoka na jiwe likabaki?"

"Yupo mmoja," Mama Mlimani akasema. Mtu mmoja tu alikuwa kwenye benchi la kibanda jioni ile, ameelekeza uso barabarani kama kila jioni, na mtu huyo alikuwa mumewe.

"Mlete huyo," askari akasema, akifunga kalamu. "Asipokuja, kijana ameanguka mwenyewe."

*

Mumewe walimwita Gia Ndogo. Alipata jina hilo enzi alipokuwa anateremsha mlima huu kwa gia ya chini kabisa, watu wa miguu wakimpita. Nyonga ilimtoa kazini. Sasa alikaa kwenye benchi la kibanda na fimbo yake, akisikiliza magari yakipita na kusema ni la nani na linaumwa wapi. Mkewe alimkuta hapohapo, amevaa shati la kutokea, ndevu hazijanyolewa.

"Anaendeleaje?"

"Vaa viatu. Tunakwenda kituoni, ukaseme ulichokiona."

Gia Ndogo alishika fimbo, asinyanyuke. "Mimi sikuona kitu."

"Uliona."

"Kulikuwa na giza giza."

"Lini kukawa na giza? Jua lilikuwa linakupiga usoni, ulinituma kofia! Baba, nitazame. Uliliona lori likiondoka. Ulijua hakuna mtu aliyeshuka kuliondoa jiwe."

Lori la mchanga likapita, na safari hii mzee hakusema ni la nani.

"Nilidhani atasimama juu, kwenye tambarare, arudi kwa miguu," akasema mwishowe. "Nikasubiri. Halafu nikajiambia ngoja nishuke mwenyewe nikalitoe, nyonga ikagoma. Nikasema kijana akija nitamtuma. Nikasinzia."

"Basi kaseme hivyo."

"Dereva hamtaji dereva, mama. Unalijua hilo tangu nilipokuoa. Unakumbuka ule ukuta wa duka nilioubomoa kwa usingizi? Nani alisimama mbele ya askari akaapa kwamba ng'ombe alinikatiza? Nani alilala mahabusu na mimi kwa sababu hakubadili maneno? Hakukuwa na ng'ombe. Kapteni alimzaa yule ng'ombe kwa mdomo wake, mimi nikaendelea kulisha watoto."

"Ukuta ule haukuwa na mguu!" Mama Mlimani alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Dereva hamtaji dereva. Sawa. Na baba je? Baba naye anayo sheria yake, au sheria mliwapa madereva peke yao? Mtoto amelala pale ananuswa mdomo kama mlevi, nesi ananicheka, na wewe umekaa hapa unalinda heshima ya mtu aliyeondoka na honi!"

Akaingia ndani akavunja kuni kwa mguu. Mumewe hakumfuata.

*

Jioni ile, saa ya chakula, malori matatu yalisimama kwenye tambarare. Yule waliyemwita Marashi, kwa sababu alinuka dizeli hata akiwa amevaa nguo za sherehe, alitangulia akifuatwa na wenzake wawili, wote mvi tupu. Walitoa pole. Walitoa pole vizuri, kwa sauti za chini, wakamshika mzee bega, kisha wakakaa wakaagiza. Na sahani zilipofika tu, ndimi zikalegea, wakaanza zao. Barabara ilipokuwa ya vumbi. Mvua ile iliyowalaza porini wiki nzima wakala mahindi ya mzigo, wakaja kuyalipa kwenye mshahara. Jinsi zamani dereva alivyokuwa mtu, akipita watoto wanapunga mikono, na gari likiharibika kila anayepita anasimama.

"Sio hawa wa siku hizi," mmoja akasema, akimumunya mfupa. "Sisi tulikuwa na adabu ya barabara."

Mama Mlimani alikuwa amelirudisha jiwe kutoka hospitalini, limefungwa kwenye kitambaa. Akaja nalo, akalifungua, akalibwaga juu ya meza katikati ya sahani zao. Mchuzi ukaruka.

"Adabu hiyo hapa," akasema. "Kuleni."

Hakuna aliyemtazama. Marashi akavua kofia, akatia noti ndani, akaizungusha kwa wenzake, akaisukuma kuelekea kwake kwa kidole.

"Shemeji, tumejichanga kidogo. Ya matibabu. Lakini mambo ya polisi tuyaache. Ukimtaja Kapteni hupati kitu. Mwenye gari ana mkono wa birika, unamjua. Atamfukuza na atatafuta mwingine kesho. Kosa lenyewe si la Kapteni, ni la kutokuwa na utingo."

"Utingo wake yuko wapi?"

"Yuko wapi!" Marashi akacheka bila furaha. "Waliwaondoa wote. Wenye magari walisema ni mshahara wa bure, kupanda kiti cha mbele na kulala. Siku hizi kiti cha utingo tunawekewa magunia. Uko peke yako na gari bovu. Likizima mlimani unatia jiwe. Likiwaka, utashukaje uliondoe? Ukiachia pedali linakurudisha bondeni na mzigo wote."

"Kwa hiyo nani anayaondoa mawe?"

Marashi akarudi kwenye sahani yake. Mwenzake akajifanya anatafuta kijiti cha meno.

"Nimeuliza. Likizima la kwako, Marashi, na likiwaka, nani anaondoa jiwe?"

Gia Ndogo, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi bila kula, aliinua kichwa taratibu akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Mnayaacha," Mama Mlimani akasema. "Nyinyi nyote mnayaacha. Kila siku. Mnayaacha barabarani halafu mnapanda hapa kunisimulia adabu! Mimi ninawapakulia, mwanangu anapita palepale na pikipiki kuwatafutieni mboga mlizokula, na nyinyi mnajua kabisa kuna nini kwenye kona!"

"Shemeji, punguza..."

"Sipunguzi! Chukua kofia yako. Ukiiacha nitaitupa mtaroni na vilivyomo."

Akazishika sahani zikiwa na chakula, moja baada ya moja, akawamwagia kuku. Akachukua ndoo, akamwaga maji kwenye moto, moshi na majivu vikawarukia mpaka wakasimama wakikohoa. Kibanda kilikuwa kimoja tu kwenye mlima ule, na walilijua hilo kama yeye alivyolijua.

Walikuwa bado wamesimama hivyo, hawajui kuondoka wala kukaa, honi ndefu iliposikika kutoka upande wa juu.

*

Kapteni aliliegesha lori lake nyuma ya yale matatu, bila kulizima. Alikuja na mfuko wa machungwa.

"Poleni jamani. Nimesikia kijana kaanguka."

"Kaanguka," Mama Mlimani akarudia.

Kapteni aliliona jiwe mezani. Machungwa yakashuka mpaka yakagusa ardhi. Kwa muda alikuwa mzee tu aliyechoka.

"Nilikumbuka nilipofika juu," akasema, akimwambia Gia Ndogo, si mwanamke. "Wallahi nilikumbuka. Lakini starta inakufa, ndugu yangu, jana iliwaka kwa bahati tu, na tajiri mwenye gari hataki kusikia. Ningesimama likazimika lisingewaka tena, ningelala pale na mzigo wa watu. Nikasema nikirudi nitaliondoa. Barabara ilikuwa tupu."

"Umempigia tajiri?" Gia Ndogo akauliza.

"Nimempigia. Anasema nisikubali kitu. Anasema nikikubali nisirudi." Akasogea, akashusha sauti. "Nimebakiza kidogo nipumzike. Usinimwagie unga, Gia Ndogo. Wewe si mtu wa kunifanyia hivyo. Mimi na wewe tuna ng'ombe wetu."

Mama Mlimani alimtazama mumewe. Kama mumewe angekaa kimya sasa, alijua kabisa, yeye angemwosha mwanawe peke yake, angempikia peke yake, na asingemwita tena mtu huyu baba.

Gia Ndogo alijishikiza kwenye fimbo akanyanyuka. Ilimchukua muda na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Ng'ombe wako namkumbuka," akasema. "Nimemla miaka yote, nimemlisha na wanangu, na ahsante. Wakitaka kuniuliza habari za ule ukuta nitawaambia na huo, wanifunge. Lakini hili jiwe ulilichukua jikoni kwangu, Kapteni. Lilikuwa na moto bado." Akageuka. "Marashi, gari lako linateremka mjini?"

Marashi alijikuna shingo. Alitazama chini, akamtazama Kapteni, akatazama moshi uliokuwa unatoka kwenye moto uliozimwa.

"Linateremka," akasema.

Ilibidi wayashushe magunia kwenye kiti cha utingo ili mzee apate kukaa. Mama Mlimani alijibana katikati, jiwe mapajani.

Kituoni walisimamishwa kaunta mpaka miguu ikawawaka moto. Yule askari aliporudi kutoka kula, mzee alieleza kila kitu, tangu kabari iliyopasuka mpaka usingizi wake mwenyewe kwenye benchi. Askari aliandika bila kuinua macho.

"Jina la dereva?"

"Kapteni."

Askari wa pili akaangua kicheko. "Wa jeshi gani?"

"Hilo si jina, mzee," yule wa kwanza akasema. "Jina lake la kweli."

Mlimani hapakuwa na majina ya kweli. Mtu alipewa jina na barabara na la mama yake likabaki nyumbani. Lakini hawa wawili walianza kazi siku moja, walipimwa macho siku moja, waliitwa kwa sauti kwenye foleni moja wakiwa bado hawana ndevu. Gia Ndogo alifumba macho. Akalitaja jina la mwenzake, la kwanza, la baba na la babu, taratibu, mpaka mwisho. Mkewe alikuwa amemlisha mtu yule zaidi ya nusu ya maisha yake na ndiyo kwanza analisikia. Mzee alipofumbua macho yalikuwa mekundu.

"Na la mwenye gari," Mama Mlimani akasema.

"La mwenye gari halihusiki na jiwe, mama."

"Breki ya mkono ni ya nani? Starta ni ya nani? Nani aliweka magunia kwenye kiti cha mtu? Linahusika. Andika."

Akalibwaga jiwe juu ya kaunta, masizi yakachafua karatasi. Askari akaipangusa karatasi. Kisha akaandika.

*

Bima ililipa. Ililipa baada ya kuzungushana kweli kweli, njoo kesho, meneja hayupo, lete picha ya jiwe, na vyuma vilipofika kwenye mguu, mguu ulikuwa umeshaanza kujiungia unavyotaka. Kijana alirudi nyumbani mguu mmoja mfupi. Hapandi tena pikipiki. Anamenya viazi kibandani, na mama yake akimtazama anavyochechemea na ndoo, hasira humpanda upya kama ni ya leo.

Madereva walisusa. Walipita na honi zao kimya kwa wiki nyingi, wakila mikate mikavu vitini, mpaka njaa ikawashinda. Marashi ndiye aliyerudi wa kwanza. Jiwe lilibaki kituoni, ati ni kielelezo, na mpaka leo Mama Mlimani anapikia mafiga mawili na tofali.

Kapteni alinyang'anywa leseni. Tajiri wake akafikiria sana, kwa maneno yake mwenyewe, akamhurumia: akamrudisha kazini kama utingo, kwa sehemu ndogo ya mshahara, akawatangazia watu kwamba yeye hawatupi wazee wake. Magunia yakatolewa kwenye kile kiti. Kiti kilikuwepo siku zote.

Ndipo mchana mmoja lori lile likazima palepale katikati ya mlima. Mlango wa kushoto ulifunguka, akashuka mzee mwenye kofia, kwa mgongo, akipapasa ngazi kwa mguu. Akaokota jiwe, akalikimbiza nyuma ya gurudumu, kukimbia kwake kukiwa ni kuchechemea tu. Dereva mpya, mdogo kwake kama mjukuu, alikuwa anampigia kelele dirishani afanye haraka. Gari likawaka. Kapteni akalitoa jiwe, akalisukuma pembeni, akabaki ameinama, mikono magotini, akitafuta pumzi. Kisha akainua uso kuelekea kibandani. Akanyanyua mkono kidogo.

"Mwite," Gia Ndogo akasema kutoka kwenye benchi. "Mama, mwite ale."

Mama Mlimani alijifuta mikono, akasogea mpaka ukingo wa barabara. Nyuma yake alisikia ndoo ya mwanawe ikigonga chini, hatua moja nzito, moja nyepesi. Alilipima lile jiwe kwa macho. Lilikuwa limekaa pembeni ya lami, lakini ncha yake bado iko juu ya lami.

"Mbali zaidi!" akapiga kelele.

Kapteni akatazama lori, lililokuwa linaanza kuondoka bila yeye, na honi ikipigwa. Akainama tena.